Kitabu Kilichomjua Zita

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, miaka ile ya utawala wa Wabelgiji, mji wetu ukingali ukiitwa Élisabethville, nilimpoteza Zita. Alikuwa mbwa wa aina ya koka, mwenye manyoya ya rangi ya asali na masikio marefu yaliyolowa kila alipokunywa maji. Hakuwa wangu, niliachiwa nimtunze. Nakusimulia haya, mwanangu, kwa sababu umeniambia umepewa mbwa wa aina hiyo hiyo, na unatafuta kitabu cha kukuongoza.

Nilikuwa mpishi kwa Madamu mmoja wa Ubelgiji. Yeye na mume wake walipokwenda Ulaya kwa likizo ya miezi sita, waliniachia nyumba na mbwa wawili, Zita na mwanawe Filou. Madamu alijua nimesoma miaka minne kwa mapadri, na kwamba Kifaransa nakisoma, polepole. Aliniandikia barua ya kumpa muuza vitabu: nichague kitabu kimoja juu ya koka, kile nitakachoona kitanisaidia.

Vilikuwepo viwili. Kimoja kinene, kurasa zimepakwa dhahabu pembeni kama misale, kile kitabu cha misa cha padri. Kingine chembamba, jalada la karatasi tu. Sikufungua hata kimoja. Watu weusi hatukuzoea kupekua vitu katika duka lile, nami niliogopa kuambiwa nimekichafua. Tena kwetu, kitabu chenye dhahabu ndicho tulichokipigia magoti kanisani. Nikakionyesha kwa kidole.

Nilikifunga kwa kitambaa, na sikukigusa bila kunawa mikono. Kilieleza ukoo wa koka, medali walizoshinda, na namna ya kuchana masikio mpaka yang'ae. Basi kila asubuhi nilichana masikio ya Zita. Nilichana kwa juu. Sikuyainua hata siku moja.

Mvua zilipoanza, majani yakapanda nyuma ya nyumba. Zita akakataa chakula. Ufizi wake ukawa mweupe, mkojo mweusi kama kahawa. Nikatafuta kitabuni, sikuona kitu. Nikajiambia ni baridi ya mvua, nikamfunika blanketi. Siku ya tatu akafa mlangoni pa jikoni.

Baba mkwe wangu, Baba Mukalay, alikuja kutoka mtaa wa Kamalondo kunisaidia kuchimba kaburi. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwa daktari wa wanyama, akimshikia ng'ombe na mbwa. Kabla hatujamweka Zita shimoni, aliinua sikio lake. Chini yake kupe walikuwa wamejazana kama mbegu za mbarika. Hakunikaripia. Aliomba kitabu, akakigeuza, akakinusa kama anayetafuta manyoya ya mbwa.

"Hii buku haina hata bwoya moja ya imbwa," alisema. "Banakufundisha kushinda medali. Filou atashindana na nani, na mbuzi ya jirani?"

Akanirudishia kitabu.

"Zita amekufa na nini?"

"Na kupe, Baba."

"Sasa uliza buku. Tafuta kupe."

Nilipekua mpaka ukurasa wa mwisho, nikamwambia hawamo.

"Buku yenye haijue kile unazika," alisema, "itakusaidia namna gani na kile kingali kizima?"

Asubuhi iliyofuata nilirudi dukani. Filou alikuwa amebaki, naye nilikuwa nimekwisha kuapa kwamba sitamchimbia shimo. Kitabu chenye dhahabu kilikuwa hakina doa, kwa ajili ya kile kitambaa changu, na muuzaji akakubali kukibadilisha. Nikamwambia hicho chembamba nitakifungua kwanza. Akatazama mikono yangu. Nikaiweka mezani, viganja juu, nikangoja. Wazungu wawili walisimama nyuma yangu. Sikuondoka. Mwishowe akakisukuma upande wangu.

Kilikuwa na sura nzima kwa wanaofuga koka katika nchi za joto. Mlikuwa na mchoro wa vidole viwili vinavyoinua sikio, mahali kupe wanapojificha, ule ufizi mweupe, ule mkojo mweusi, na onyo la kutongoja hata siku moja. Nilisoma nikiwa nimesimama. Kila mstari ulikuwa Zita.

Wiki chache baadaye ufizi wa Filou ulianza kupauka. Saa ile ile nikamfunga ndani ya kikapu cha baiskeli, nikampeleka kwa daktari. Akadungwa sindano, akapona.

Basi, mwanangu, ukifika dukani usichague kwa jalada. Kifungue kitabu, hata wakikutazama. Kiulize juu ya ugonjwa unaoujua, ule wa nchi yako, uone kama kinaujua pia. Uone kama kinakuambia mkono wako ufanye nini leo, kwa mbwa huyo mwenye masikio yanayofunika mengi. Kisha kitumie mpaka kichafuke. Wala usifikiri ninakisingizia kitabu: vidole nilikuwa navyo. Mungu akupe mikono isiyochoka, na mnyama wako azeeke mlangoni pako.

Madamu aliporudi, nilimwambia yote: nilichagua bila kufungua, na sikuinua sikio. Alilia. Siku mbili hakusema nami. Siku ya tatu akaja kukaa kwenye ngazi ya jikoni, akamweka Filou magotini, akaniomba nimwonyeshe mahali pa kuweka vidole.