Simu Yenye Mbasela

Danford Kibona anauza mchele na maharage pale Chapwa, Tunduma, na anayenunua kwake mara moja hurudi. Anajaza debe mpaka mchele uanze kumwagika, anapitisha kijiti juu kusawazisha, halafu anachota konzi moja na kuitupia kwenye mfuko wa mteja. Konzi hiyo wengi huiita nyongeza. Wateja wake wanaovuka mpaka kutoka Nakonde wanaiita mbasela, na Danford, anayewauzia Wazambia tangu ujana wake, naye anaiita hivyohivyo. Kwake yeye, biashara isiyo na mbasela ni dharau. Akinunua shati, anaomba soksi. Akinunua kiti, anauliza kama hakuna na kigoda. Kwao Ileje wanasimulia mpaka leo kwamba siku wazee walipomaliza kukubaliana mahari ya mkewe, Fausta, bwana harusi alichungulia mlangoni akauliza kama binti haji na kuku.

Sasa mtu wa namna hiyo simu yake ilitumbukia kwenye pipa la maji ikafa. Ingekuwa msiba mdogo tu, lakini wiki ileile mama yake, Bi Sekela, alipiga simu kwa Fausta kutoka kijijini, juu kwenye milima ya Ileje, akaomba aongee na mwanawe.

Alikuwa ametoka kumzika jirani yake, Bibi Ketrina. Marehemu hakuwa na picha yake mwenyewe, kwa hiyo watoto wakakata moja ya harusini, wakaikuza na kuisimamisha juu ya jeneza. Aliyeikata hakuwa mwangalifu. Begani kwa Ketrina ulibaki mkono wa mtu, mkono mnene wenye saa ya dhahabu, na mwenye mkono hayupo. Mchungaji alihubiri ufufuo, lakini waombolezaji walikuwa na shughuli nyingine.

"Kanisa zima linanong'ona, mkono wa nani ule," alisema Bi Sekela. "Hata mimi nilikuwa nauwaza badala ya kulia. Danford baba, mimi sitaki kuzikwa na mkono wa mtu. Nataka picha yangu, peke yangu, nimevaa sare ya akina mama, na mtu akiiona aseme huyu ni Sekela. Njoo unipige nikiwa bado na meno."

Danford alimwelewa vizuri kuliko alivyoonyesha. Mdogo wake, Witness, alikufa akiwa msichana wa sekondari, na picha pekee waliyokuwa nayo ilibandikwa kwenye kitambulisho cha shule, ambacho mchwa walikimaliza kabla ya kifo chake. Siku ya maziko juu ya jeneza liliwekwa shada la maua, na mbele ya shada hapakuwa na kitu. Bi Sekela hakuwahi kulisema hilo, ila tangu hapo hapiti mbele ya picha ya marehemu yeyote bila kusimama.

"Nakuja, mama," alisema Danford. "Nanunua simu kwanza."

Angeweza kuazima ya mkewe. Kutoka Tunduma unashuka Mpemba, unapanda gari la Ileje, na kabla jua halijawa kali uko kwa mama. Lakini Danford aliona picha ya mama yake haiwezi kupigwa na simu ya kuazima. Ilihitajika simu ya heshima, na simu ya heshima haichaguliwi kwa pupa.

Hapo ndipo duka la mchele lilipogeuka bunge. Danford, ambaye hadi juzi alijua simu ina sehemu ya kusikilizia na sehemu ya kuongelea, akaanza kutaja RAM utadhani amekua nayo. Aliuliza wanakwaya. Alimuuliza mzee wa kanisa, akaambiwa aombe. Zaidi ya wote aliwauliza madereva wa malori, maana Tunduma tuna foleni ya kuvuka mpaka, na dereva aliyelala kwenye foleni hiyo hana mwenzake ila simu. Kila dereva alikuwa na chapa yake aliyoiapia na nyingine aliyoilaani, na chapa aliyoiapia huyu ndiyo aliyoilaani yule. Danford alisikiliza wote, akatikisa kichwa, akawapa mbasela, na jioni akarudi nyumbani akiwa hajui chochote kwa kujiamini zaidi.

Majuma yakapita. Clement, mdogo wake anayeishi na mama, akampigia Fausta.

"Shemeji, mwambie kaka mama anakohoa. Sare amekwisha kushona. Kila asubuhi anaikunjua, anaiangalia, anaikunja tena."

Fausta alifikisha ujumbe. Danford akasema mambo mazuri hayataki haraka, na Fausta akasema mama yako si mambo, ni mtu.

Basi akaenda dukani kwa Brian, karibu na mpaka. Brian alimwekea mezani simu mbili za bei moja. Moja ilikuwa ya chapa ya Kavo, nyingine ya Zeluma. Danford aliwasha ya Kavo, akapeleka kidole kulia, akapeleka kushoto, uso ukamkunjamana.

"Mbona hii tupu?"

"Siyo tupu, mzee. Nyepesi. Unaweka mwenyewe unachotaka. Halafu kampuni itaendelea kuiboresha miaka mingi, inajiboresha yenyewe hapohapo mkononi."

"Kwa hiyo wameiuza haijakamilika."

Brian akamsogezea ya pili. Danford akawasha ya Zeluma. Hiyo ilifunguka kama kabati lililosongwa nguo. Kulikuwa na tochi tatu, dira, vivinjari viwili, kitu cha kufagia simu, kitu cha kuipoza simu, mchezo wa kupasua pipi, utabiri wa nyota, wakopeshaji wa kila aina, chombo cha kupima mapigo ya moyo, na kamera iliyoandikwa kwamba ni ya urembo.

"Vyote hivi vimo?"

"Vimo. Ila hivi mzee havitoki. Hata ukitaka kuvifuta, havifutiki."

"Havitoki?" Danford aliishika simu kwa mikono miwili. "Yaani hata mwizi akiichukua, hawezi kuvitoa?"

Brian akamtazama, akaona huyu amekwisha kununua.

"Hawezi, bosi."

"Na mbasela?"

Akapewa kava na kioo cha juu. Akatoka dukani anatembea polepole, kwa upande wa barabara wenye watu wengi.

Maisha na Zeluma yalianza siku hiyohiyo. Kabla hajafika Chapwa simu ilimwambia ina taka. Akaifagia. Ikamwambia ina joto. Akaipoza. Ikasema imepata taka nyingine. Kutwa mteja wa maharage alisubiri huku mwenye duka anafagia simu, wakati sakafu ya duka lenyewe haikufagiwa. Mkopeshaji alimsalimia kwa jina kila asubuhi, kabla hata ya mkewe. Na kila alipotaka kumpigia mtu, alijitokeza kwanza dada mmoja mwenye chai ya kupunguza tumbo, na hakuondoka mpaka amalize maelezo yake.

"Baba Watson," alisema Fausta, "hii ni simu au runinga?"

"Ni vyote viwili. Ndiyo maana nikaichukua."

Mteja mmoja wa Nakonde aliyekuwa akisubiri mchele wake alicheka sana. "Ba mudala, mzee wangu, hiyo simu imekununua wewe," alisema. Danford alicheka naye, kisha akampimia bila mbasela, jambo ambalo Chapwa halijawahi kutokea.

Jumapili moja hatimaye, yeye na Fausta wakapanda Ileje. Bi Sekela alikuwa amekonda. Alitoka ndani na sare yake, kitenge kipya na kitambaa cheupe kichwani, akaketi kwenye kiti nje ya nyumba, mibuni ikiwa nyuma yake, akaweka mikono magotini na kunyamaza kama yuko mbele ya hakimu. Danford akapiga. Akapiga tena, amechuchumaa, amesimama, amepanda juu ya gogo. Jua lilikuwa kali na kioo kilimwakia, hivyo kila alipotazama aliona kivuli chake mwenyewe. Mama alipoomba aonyeshwe, yule dada wa chai akawa amekwisha kuingia.

"Umetoka vizuri, mama. Utaiona kwenye fremu."

"Nimefanana?"

"Hii siyo simu ya mchezo," alisema Danford, na swali likapita hivyo.

Picha aliisafishia Vwawa, kwenye studio moja jirani na soko, kubwa na yenye fremu ya rangi ya dhahabu. Kijana wa studio alipoikabidhi akauliza, "Dada yako huyu?" Danford akavimba. "Mama yangu mzazi." Kijana akasema simu hiyo kali. Njia nzima kurudi Tunduma Danford aliwasimulia abiria maneno hayo, wanaotaka na wasiotaka, na kila aliyeinama kuitazama ile picha akasema mama yako kajitunza. Kwa mara ya kwanza tangu anunue simu, aliona roho yake imetulia. Yule Ketrina alizikwa na mkono, lakini mama wa Danford atakuwa na picha ambayo Ileje yote itaizungumza.

Jumapili iliyofuata aliipeleka, imefungwa ndani ya kanga. Walikaa sebuleni, Clement na Fausta kwenye makochi, mama kwenye kiti chake karibu na dirisha. Bi Sekela alifungua kanga taratibu. Akaitazama. Akaisogeza mbali, akairudisha karibu, akafuta kioo kwa kiganja.

Usoni mwa picha hapakuwa na kunyanzi hata moja. Kovu la juu ya jicho, lile alilolipata kwenye mashine ya kumenyea kahawa, halikuwepo. Mashavu yalikuwa yamejaa, ngozi inang'aa, macho makubwa. Alikuwa msichana amevaa kitambaa cha mama yake kichwani.

"Huyu siyo mimi," alisema Bi Sekela.

Danford alianza kueleza habari za kamera. Alifika kwenye idadi ya lenzi akagundua hakuna anayemsikiliza. Clement alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, ameshika mgongo wa kiti, anaitazama picha.

"Kaka," alisema, "huyu ni Witness."

Na alikuwa Witness. Danford aliinama akaona mwenyewe, akashangaa ameitembeza picha ile kutoka Vwawa mpaka Chapwa bila kumtambua dada yake. Pale kwenye fremu ya dhahabu alikuwa amekaa amenyooka, mibuni nyuma yake, umri uleule aliokufa nao. Bi Sekela aliipakata picha. Alilia kwa sauti, bila kujificha, mtu aliyesubiri miaka yote hiyo kulia mbele ya picha, na watoto wake wakamwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe.

"Ndaga, baba, asante," alisema, akijifuta kwa ncha ya kitenge. "Hukukusudia, lakini ndaga. Hii ndiyo mbasela yako?"

Danford akaichukua ile kanga, akaanza kuikunja.

"Mtundikeni hapo ukutani. Sasa na mimi nipige. Mimi mwenyewe, Danford. Hapa nilipo, sare ninayo ndani."

Akaivaa, wakatoka nje tena, kiti kilekile, mibuni ileile. Danford akainua simu, na humo ndani akaona msichana. Akabonyeza huku, akabonyeza kule. Simu ikamwambia ina taka. Akajaribu tena, mkopeshaji akamsalimia. Jasho likaanza kumtoka.

"Simu yote hiyo," mama aliuliza kutoka kitini, "ina vya kuongeza tu? Haina cha kupunguza?"

Fausta akaja akamnyang'anya. Akagusa pembeni mwa kioo, akavuta alama ya urembo kwa kidole mpaka mwisho kushoto, akamrudishia.

"Wewe ulijuaje?" aliuliza Danford.

"Picha zangu za harusi ya Diana, ulidhani zilitoka vile kwa maombi?"

Danford akacheka, akainua simu, na kicheko kikaishia hapo.

Humo ndani alikaa bibi kizee. Shingo ilikuwa imebaki mishipa. Kovu lilikuwepo, na kunyanzi zilikuwepo, nyingi, zinashuka mpaka kidevuni, na macho yalikuwa yameingia ndani kwa kile kikohozi walichomwambia na yeye akasema mambo mazuri hayataki haraka. Danford alikuwa akija kila Krismasi na kila Pasaka, na kila alipokuja alimkuta mama yuleyule aliyekuwa akimbeba mgongoni kwenda shambani. Kumbe hata macho yake mwenyewe yalikuja na urembo ule ndani, na siku zote hakujua kwamba unazimwa.

"Mbona hupigi?" aliuliza Bi Sekela. Alikuwa amenyoosha mgongo, mikono magotini.

"Subiri kidogo, mama," alisema Danford. "Simu inajiandaa."

Simu ilikuwa tayari.