Miti ya Kivuli ya Joab

Ndugu yangu Joab aliogopa vitu viwili tu maishani: mvua ya mawe na ngazi. Serikali hakuiogopa. Mimi niliiogopa kwa niaba yake, hofu ya kutosha watu wawili.

Tulimzika mwezi uliopita, Julai ya mwaka huu wa 1959, baada ya kifua kumsumbua majira yote ya baridi. Kanisani walinipa nafasi nimzungumzie. Nikasema alikuwa mpole, mchapakazi, mcha Mungu. Yote ni kweli. Lakini kuna jambo sikulisema, maana nimelitetemekea miaka mitano, na mdomo uliozoea kufungwa haufunguki kwa siku moja.

Joab alikuwa mpogoaji. Miaka kumi na mmoja alikata michai kwa kisu kilichopinda katika shamba la mzungu upande wa Kericho, na mkewe, Rebeccah Chepkemboi, akachuma katika shamba hilo hilo. Walipoacha kazi na kurudi nyumbani huku Longisa, Rebeccah alirudi na blanketi na sufuria. Joab alirudi na mbegu za chai thelathini alizozishona kwenye pindo la koti.

Wakati ule Mwafrika hakuruhusiwa kupanda chai bila leseni, na leseni yenyewe hakuna aliyepewa. Joab akazipanda juu ya kijito, zikaota ishirini na saba. Hakuzipogoa. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yake. Chai isiyokatwa huwa mti. Hupita kichwa cha mtu, hutoa maua meupe, na watu waliozoea kuiona imelala kama meza hawaitambui.

"Nyapara wa chai mwenyewe angefunga punda wake hapo asijue," aliniambia.

"Na sheria?" Nilikuwa nimetoka sekondari, nafundisha shule ya misheni, na notisi iliyobandikwa kwa chifu nilikuwa nimeisoma yote.

"Inasema nini?"

"Inasema chai ya Mwafrika itaugua, iambukize ya mzungu."

"Na ya mzungu ikiugua? Ugonjwa wake hauwezi kuvuka ua kuja kwangu? Au na ugonjwa siku hizi unabeba kipande cha ruhusa?"

Alikuwa na maneno mengi ya namna hiyo. Tukikamua ng'ombe angesema kwamba baba yetu alilipa kodi ya nyumba miaka ishirini, na nyumba ikavuja miaka yote ishirini, wala serikali haikuja hata siku moja na mzigo wa nyasi. "Eti mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema. "Huyu wetu tulimpa jembe. Akachukua na shamba."

"Joab, punguza sauti."

"Kwani ng'ombe atanishtaki?"

Mwaka ule wa 1954 hata ng'ombe sikumwamini. Ilikuwa Hali ya Hatari, na kila Mkikuyu alishukiwa kuwa mwasi. Nganga, Mkikuyu aliyetuuzia chumvi na mafuta ya taa sokoni kwa miaka tisa, alipakiwa kwenye lori asubuhi moja kwa sababu karatasi yake ilikosa muhuri. Paka wake alikaa mlangoni pa duka wiki nzima. Joab alimpelekea maziwa kila siku. Nikawaza, kama muhuri mmoja unaweza kumpoteza mtu, miti ishirini na saba itampeleka wapi?

Jumapili moja, baada ya ibada, ikatangazwa kwamba Bwana Shamba angepita Jumanne pamoja na askari kukagua matuta. Bwana Shamba alikuwa Alexander, kijana wa kwetu, mwenye sauti nzito katika kwaya yetu. Hilo halikunituliza. Anayekujua ndiye anayejua pa kutazama. Nikamfuata Joab hadi kwake.

"Ing'oe leo," nikamwambia. "Nitakusaidia."

"Mwalimu, si wewe hutusomea? Siku ya tatu Mungu alisema nchi itoe miti. Alichukua leseni kwa nani?"

"Wakikufunga, watoto watakula nini? Na mimi shuleni watanifukuza."

Akaacha mzaha. "Hayo nayasikia," akasema. "Lakini mti wangu haujamwibia mtu, na mimi sitauua kwa ajili ya karatasi."

Siku mbili hizo niliomba mvua inyeshe, daraja libebwe, Alexander apate homa. Ile ya homa niliitubia baadaye.

Jumanne jua likawaka vizuri sana. Walipofika, Rebeccah akawapa chai, ile ya pakiti ya dukani. Alexander akapima matuta, akaandika. Kisha tukashuka kwa njia ya kijito, Joab mbele, Rebeccah nyuma yake, halafu Alexander, mimi na askari.

Askari akasimama. "Hii ni miti gani?"

"Ya kivuli," Joab akasema. "Ng'ombe hulala hapa."

Askari akanigeukia mimi. "Mwalimu, ni kweli?"

"Ng'ombe hulala hapa," nikajibu. Kweli walilala pale. Mungu anajua nilikuwa naufanyia nini ukweli huo.

Askari akaridhika. Alexander hata hakuinua macho kwenye kitabu chake. Tungepita. Lakini Rebeccah alikuwa ameshikwa na hofu kama yangu, na mikono yenye hofu hufanya inachokijua. Nikaona mkono wake wa kulia unainuka kwenye tawi, unavunja majani mawili na ncha yake, na kuyarusha nyuma ya bega, ndani ya kikapu ambacho hakikuwapo. Akavunja tena. Akarusha tena. Mara ya tatu majani yakaangukia kitabu cha Alexander.

Alexander akayatazama. Mama yake alichuma chai mpaka vidole vikawa vyeusi, kijiji kizima kilijua. Rebeccah akagutuka, mkono umebaki begani. Joab akageuka, akarudi kusimama karibu na mkewe.

"Mama anatupa nini?" askari akauliza.

"Nzi," Alexander akasema. "Anafukuza nzi." Akayapangusa majani, akayakanyaga. "Mzee Joab, kivuli hiki kimezidi. Kinanyima mahindi jua. Ukikate chote kabla ya mwezi kuisha. Mpaka hapa." Akagusa goti lake. "Askari atarudi kuangalia."

"Hapa?" Joab naye akagusa goti.

"Hapo. Usishuke zaidi."

Niliporudi nyumbani nililia, nikidhani yote yamekwisha. Joab alichomoa kisu chake kilichopinda kwenye paa la nyasi, akakata siku mbili huku akipiga mluzi. Askari akarudi, akakuta visiki, akafurahi, akanywa chai. Miezi miwili baadaye kila kisiki kilikuwa kimechipuka. Mchai ukikatwa gotini haufi. Ndivyo unavyofundishwa kuwa meza. Wapogoaji wote wanajua, na Bwana Shamba pia.

Mwaka jana serikali iligundua kwamba chai ya Mwafrika haina ugonjwa. Alexander akaja na leseni na miche, akatoa somo la kushika kisu cha kupogolea. Joab akavua kofia.

"Hivi?"

"Hapana, mzee. Hivi."

"Aa. Asante, mwanangu. Serikali isingekuja, ningejikata."

Wote wawili hawakucheka. Leseni ilisema Joab ameanza kulima chai mwaka 1958. "Kumbe mimi ni mtoto wa juzi," akasema. Mimi nilipopewa niisome, nilitafuta kwanza muhuri.

Siku ya maziko jeneza lilishuka kwa njia ile ya kijito. Ile ishirini na saba sasa ni meza safi, kimo cha kiuno. Rebeccah alitembea nyuma ya jeneza, kichwa kimeinama. Mkono wake wa kulia ukanyooka, ukavunja majani mawili na ncha, ukarusha nyuma ya bega. Ukavunja tena. Majani yakaniangukia kwenye Biblia.

Alexander alikuwa kando yangu. "Nzi," akaninong'oneza.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikageuka kutazama kama kuna askari nyuma yetu.