Mistari Minane ya Bondeni

Walimwita Mama Mbishi, naye jina hilo alilivaa kama nguo mpya. Watu walisema hata mbuzi wake hakubali kufungwa kamba bila kuelezwa sababu.

Bwana shamba alipotafuta mkulima wa kujaribu mbegu mpya ya maharage kutoka kituo cha utafiti, ni yeye aliyejitokeza. Shamba lake likawa shamba darasa, wenzake wakaja kujifunza. Alipanda kwa kamba na vipimo, akapalilia kwa wakati, na kila Jumamosi aliandika alichokiona kwenye daftari. Huko juu maharage yalibeba, tena yalibeba haswa! Lakini chini bondeni, maji yanakotuama, mistari minane iligeuka njano, mizizi ikaoza.

Siku moja kabla ya watafiti kuja kukagua, bwana shamba alifika na jembe begani.

"Mama, hii ya chini tuing'oe. Inatia aibu."

"Aibu ya nani?"

"Yetu sote. Wakiiona, mradi wataupeleka kwingine."

"Na wifi yangu je? Shamba lake lote liko bonde hilihili, na keshajiandikisha kupanda mbegu yako. Akikosa mavuno, watoto wake utawalisha wewe?"

"Nitamwambia baadaye."

"Baadaye lini, akishavuna majani? Haya, ng'oa. Ila uanze na miguu yangu."

Akasimama katikati ya mstari, mikono kiunoni. Bwana shamba akaondoka akisonya.

"Mdomo huponza kichwa, mke wangu," mumewe alimwonya jioni.

"Kichwa chenyewe changu," akajibu, akaendelea kula. Lakini tusidanganyane, aliogopa. Lile shamba darasa alilipenda kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

Kesho yake bwana shamba aliwazungusha wageni huko juu, kisha akawageuza kuelekea kwenye gari.

"Jamani, mbona mnaondoka? Bado nusu!" Mama Mbishi akapaza sauti, akateremka bondeni bila kungoja ruhusa. Wakamfuata, wageni na wakulima. Akang'oa mche mmoja, akamwekea mtafiti mkuu kiganjani. Ulinuka.

"Hili halimo kwenye taarifa," mtafiti akasema, akimtazama bwana shamba.

"Kwenye daftari langu limo, tangu wiki ya nne."

Wifi yake akasogea, akaugusa mzizi, ukakatika. Machozi yakamtoka. "Mimi mbegu yangu ya zamani nimeshaipika yote. Nilisema ya nini tena, na mpya inakuja!"

"Yangu ipo. Utapanda hiyo, nyamaza," Mama Mbishi akamwambia, akimshika mkono.

Mtafiti akauliza kama msimu ujao angekubali kujaribu tena.

"Nitakubali," akasema, bado amemshika wifi yake mkono. "Lakini tutaanzia huku bondeni. Na kitakachooza kitabaki palepale mpaka kila mtu akione."