Miti Iliyochoma Matofali Yetu

Mwaka ule mvua ilikatika mahindi yakiwa usawa wa magoti, na mama akaacha kwenda kwenye maombi ya mvua. Wanawake wa kijijini kwetu Endasak hukusanyika kwenye chemchemi, majani mabichi mkononi, na mwenye kosa hulisema kabla ya sala. Mama aliamini kosa ni lake. Yeye na marehemu baba walikata miti ya korongoni wakachomea matofali ya nyumba yetu, na baada ya hapo chemchemi ikaanza kupungua. Aibu ilimfungia ndani.

Mimi nafundisha Jiografia Katesh, na sina uvumilivu na mtu anayejitesa bure. Jumamosi nilipanda bodaboda hadi nyumbani, nikampa shikamoo, na kabla chai haijapoa nikaanza somo. Nilimwambia hali ya hewa ya dunia imekuwa ikibadilika tangu kabla ya binadamu. Mlima huu huu wa Hanang uliwahi kutema moto, na milima ya namna hiyo ikilipuka kwa nguvu, vumbi lake huziba jua, dunia ikapoa.

"Na joto la siku hizi?" aliuliza.

"Hilo ni la watu, mama. Lakini ni moshi wa viwanda na magari ya nchi za mbali, wa miaka na miaka. Tanuri lako moja si kitu."

Nilidhani nimemtua mzigo. Aliniangalia kwa hasira.

"Na chemchemi yetu, waliikausha wao?"

Ilibidi nijibu. "Hapana, mama. Hiyo ni sisi."

Maombi yalikuwa mchana huo huo. Alijifunga kanga tukashuka pamoja, mimi nikiogopa watamsema vibaya. Alisimama mbele ya wenzake. "Miti ya korongoni niliikata mimi."

Kisha jirani yetu akasema hata yeye alikata, upande wa juu. Mwingine akasimama, na mwingine. Kila mwenye nyumba ya matofali alikuwa na miti yake ya kusema. Wakakubaliana korongo lisilimwe wala kuchungiwa tena. Nililia, na sioni haya kusema hivyo.

Tukiwa njiani kurudi, mama akauliza, "Na hao wenye viwanda, nao hukutana?"

"Hukutana kila mwaka."

"Vizuri," akasema. "Huwa anasimama nani kwanza?"