Mita Haipimi Yanayotoka

Shangazi yangu alisoma mita za maji nyumba kwa nyumba miaka ishirini na sita, na mtaa mzima ukamwita Mita. Ungemwambia jua limechomoza, angetoka kwanza akahakikishe. Nilimcheka sana kwa hilo, na nilimpenda kwa hilo hilo.

Baada ya kustaafu aliishi peke yake, ukuta mmoja na Fundi Saa, mzee aliyefiwa na mkewe. Kila siku saa kumi na mbili kamili asubuhi, Fundi Saa aligonga ukuta mara mbili, na Shangazi akajibu mara mbili. Maana yake: nimeamka, nipo. Asiyejibu avunjiwe mlango.

Basi mwaka jana ukuta huo ukaanza kulowa. Rangi ilivimba, plasta ikamenyeka. Shangazi hakukimbilia kulaumu mtu.

"Kabla hujapiga hodi kwa jirani, funga koki yako," aliniambia.

Akafunga koki zote za nyumbani kwake, akaketi kwenye kigoda mbele ya mita, miwani puani, akikikodolea macho kile kinyota chekundu kinachozunguka maji yakipita. Saa nzima hakikutikisika. Mita ya jirani ilikuwa mbovu siku nyingi, kwa hiyo huko hakukuwa na cha kusoma. Akaenda kumwona.

"Fundi, maji yanatoka kwako. Mita yangu imesimama kabisa."

"Una hakika, dada?"

"Mita haidanganyi."

Sasa, sakafu ya bafu la Fundi Saa aliitengeneza marehemu mkewe kwa mikono yake. Vigae alivikusanya kimoja kimoja kwa miaka, mabaki ya madukani, hakuna viwili vilivyofanana. Kwa neno la mtu mwingine mzee asingeigusa. Kwa neno la Mita, alichukua nyundo akaivunja mwenyewe. Chini alikuta bomba zima na udongo mkavu.

Kesho yake saa kumi na mbili ukuta haukugongwa. Wala kesho kutwa, ingawa nyayo zake zilisikika upande wa pili.

Mimi nilimwambia Shangazi aachane na jambo hilo, pengine maji yanatoka barabarani, nani ajuaye? Hakunisikiliza. Alikuwa anautazama ukuta.

"Mwanangu, mita inapima maji yanayoingia," alisema polepole. "Yanayotoka je?"

Akakoroga buluu ya kufulia kwenye ndoo, akaimwaga kwenye tundu la bafu lake. Tulingoja hadi adhuhuri. Kisha baka la buluu likajitokeza ukutani, dogo, halafu kubwa. Lilikuwa bomba lake mwenyewe la maji machafu.

Tulioliona ni mimi na yeye tu. Bomba lingezibwa kimyakimya, ukuta ukapakwa chokaa, na siri ikaishia hapo. Nakiri niliwaza hivyo, tena nilishafungua mdomo. Yeye alikuwa ameshatoka. Alisimama mlangoni kwa jirani, majirani wengine wakianika nguo, akaita kwa sauti ya kusikika na wote.

"Fundi, njoo uone. Ni kwangu!"

Mzee aliingia, akaligusa lile baka kwa kidole. "Ungenyamaza, nisingejua."

"Ningejua mimi. Fundi, nimekuvunjisha kitu ambacho hakinunuliki. Nisamehe."

Mzee aliondoka, akafunga mlango wake.

Shangazi alitengenezesha bomba lake, kisha akaenda kuomba ndoo ya vigae vilivyovunjika. Alipewa. Wiki tatu alipiga magoti kwenye bafu lile, na magoti yenyewe mabovu, akiunganisha vipande kwa saruji kama mtu anayechambua mchele. Wiki ya kwanza Fundi Saa alibaki sebuleni na saa zake. Ya pili akavuta kiti hadi mlangoni.

"Hicho cha ndege si hapo," alisema siku moja. "Alikiweka karibu na mlango, ili akitoka akione."

Shangazi akakihamisha.

Sakafu ile sasa imejaa mistari ya saruji, na sitadanganya kwamba inapendeza kama zamani. Lakini hakuna kipande kilichobaki kwenye ndoo.

Usiku wa kumaliza kazi nililala kwa Shangazi. Alfajiri nilimkuta ameketi kitandani, kiganja kwenye plasta mpya. Miaka yote aliyeanza kugonga alikuwa jirani. Yeye kazi yake ilikuwa kujibu. Asubuhi ile hakuweza kungoja. Akakunja ngumi, akagonga mara mbili.

Akalaza sikio ukutani.

Kisha sauti ikapenya ukutani, kali kidogo, "Bado dakika moja, dada!"

Shangazi akacheka huku machozi yanamtoka. Tukaingoja hiyo dakika, na ilipotimia ukuta ukagongwa mara mbili.