Shule ya Watu wa Juu

Nakumbuka alasiri moja katika mji wa Baraka, mwanangu, zamani za chama kimoja, na kila nikiikumbuka natamani ningezaliwa bubu.

Mwalimu Wilondja alitufundisha kusoma sisi wauza samaki, bamama wenye wajukuu na wasichana kama mimi tusiowahi kukanyaga darasa. Yeye alisomeshwa na mmisionari Mjerumani, na siku hiyo alituandikia ubaoni neno refu: Volkshochschule.

"Volk ni watu," alisema. "Hoch ni juu, Schule ni shule, hata sisi neno letu 'shule' tulilipata kwao. Lakini Hochschule musiikate. Kwa pamoja iko université, chuo kikuu. Basi hii ni université ya watu wa kawaida. Ni ninyi, bamama."

Mama yangu alicheka mpaka akafuta machozi.

Mwalimu akatoka kutafuta chaki. Nyuma yake akaingia mkubwa wa chama na askari wawili, akanyooshea ubao kidole.

"Hii iko maana gani?"

Mimi, kwa kutaka kujionyesha, nikasimama. "Volk, watu. Hoch, juu. Schule, shule. Shule ya watu wa juu."

Sasa, kwetu Fizi siku zile, watu wa juu walikuwa waasi wa milimani. Nilimwona uso ukimbadilika.

"Kumbe munasomea watu wa juu?"

Jibu nilikuwa nalo. Université, neno moja tu. Ulimi ukagoma.

Mwalimu alikamatwa mlangoni, chaki mkononi. Akaniangalia. "Ubaelezee, binti. We ulielewa muzuri."

Nikainamisha kichwa. Wakampakia kwenye boti ya Uvira, na hakurudi tena. Mke wake alikuja kuniuliza nilisema nini. Nikamjibu sikusema kitu. Alikufa akiniamini. Darasa lilifungwa, na mama yangu tulimzika hajui kuandika jina lake.

Mwanangu, neno la mtu usilikate vipande mbele ya mwenye bunduki ili uonekane unajua. Na ukieleweka vibaya, sahihisha palepale. Usijiambie utasema kesho. Mimi nilijiambia hivyo, na wa kumwambia hayupo tena.

Mungu akupe ulimi usioogopa, na akuepushe na uzee kama huu wangu.