Kodiani ya Baba Mkwe

Jamani, ninyi chekeni. Mimi kicheko kimenikauka.

Baba mkwe wangu, Mzee Rajabu wa Ujiji, alikuwa mpiga kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kwa mikono, ile ndogo ya pembe sita. Yake ilimponyoka kwenye gati la Kibirizi akishuka botini, ikazama ziwani. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa kimya.

Nikaapa kumtafutia nyingine. Ni adimu, lakini nikaikuta kwenye mnada wa mtandaoni, ng'ambo huko. Wiki nzima nilipandisha dau, nikijiona mjanja. Muuzaji akaniandikia kuwa ziko za aina mbili, nihakikishe ninayoitaka. Nikamjibu kwamba kodiani ni kodiani.

Nilimkabidhi mzee kwenye harusi ya mjukuu wake, mbele ya watu wote. Machozi yalimlengalenga. Akaanza wimbo wake wa siku zote, zikatoka kelele. Akarudia, zikatoka kelele zaidi. Watu wakaanza kucheka.

Akaiweka mapajani. "Nisamehe, mwanangu. Uzee umeninyang'anya vidole."

Hapo nikaukumbuka ujumbe wa muuzaji. Nikanyamaza. Nikamwacha mzee wa watu aamini hivyo!

Mke wangu Zuhura akaichukua, akabonyeza kitufe kimoja, akavuta, akasukuma.

"Baba, yako ilikuwa ikivutwa inatoa sauti hii, ikisukumwa inatoa nyingine. Hii haibadiliki. Ni ya aina nyingine kabisa. Vidole vyako ni vizima."

Mzee hakumtazama bintiye. Alinitazama mimi, nilivyoinamisha kichwa.

"Kumbe ulijua, mwanangu?"